Kuishi Kisumu na akiba ya bitcoin: mwongozo wa mgeni asiyetaka kuuza kabla ya wakati

Novemba 2022 niliuza 0.02 ya bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyo na benki nyuma yake, nikiwa nimesimama nje ya duka la dawa, Kondele. Bei ya bitcoin nzima ilikuwa chini ya dola 17,000, na mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imefika karibu 69,000. Bei haikunitisha. Kilichoniuzisha ni kodi ya nyumba iliyokuwa imepita tarehe 5, mtoto mwenye malaria, na mji mzima nisio na mtu wa kumwambia "niazime hadi Ijumaa". Nikapata shilingi za Kenya kama 40,000. Desemba 2024 bitcoin ilipovuka dola 100,000, kipande kilekile kingenipa zaidi ya 250,000.

Mimi ni mtu wa Mwanza, fundi wa majokofu na mashine za barafu, na niko Kisumu tangu 2021. Ziwa ni lilelile. Sangara huku ni mbuta, sato ni ngege, dagaa ni omena. Lakini ugeni ni ugeni. Nyumbani shida ndogo huishia kwa shemeji au kwa mama mdogo. Huku, usipojipanga, inaishia kwenye akiba yako. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa haina bitcoin hata chembe, na ndiyo ndefu kuliko zote.

1. Jenga ukuta wa shilingi

Mwanza nilizoea kumlipa mwenye nyumba miezi mitatu au sita kwa mkupuo, halafu tunasahauliana. Kisumu unalipa mwezi kwa mwezi, na unapoingia unaweka amana. Mwanzoni nilifurahi, nikaona ni nafuu, ile fedha ya miezi sita nikaipeleka yote kwenye bitcoin. Sikujua kwamba nimebadilisha deni moja kubwa linalojulikana kwa madeni kumi na mawili yanayobisha hodi kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao kazi hakuna.

Na kwetu sisi wa pwani ya ziwa kuna miezi kazi hukauka kweli. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Mimi sivui, lakini fedha ya ufukweni ikipungua, mama mwenye jokofu bovu pale Dunga ataniambia, "Fundi, tengeneza tu, tutaonana." Tunaonana Agosti.

Basi fanya hivi. Andika matumizi yako ya mwezi bila kujidanganya: kodi, chakula, maji, tokeni za stima (sisi tunaita LUKU), nauli, shule, vocha. Yangu yanafika kama 30,000. Zidisha kwa nne. Hizo 120,000 ndizo ukuta wangu, na juu yake naweka nauli ya watu wawili ya basi kwenda Mwanza kupitia Kisii, Migori na mpaka wa Isebania, kwa sababu simu ya msiba haichagui wiki.

Halafu kuna fungu ambalo wageni wengi hulisahau: michango. Huku msiba ni jambo la mtaa mzima, na ukishaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la matanga, jina lako linasomwa. Niliwahi kukwepa mara mbili kwa kisingizio kwamba nabana fedha. Mara ya tatu mimi ndiye niliyehitaji watu wa kunisaidia kuhamisha mashine, nikaisukuma peke yangu. Siku hizi natenga 1,500 kila mwezi kwa ajili ya michango, na nisipoitumia inabaki hapohapo.

Ukuta ukae wapi? M-Pesa ni karibu mno na mkono. Itaondoka kidogo kidogo kwa chapati na bodaboda. Sacco ni nzuri kwa mkopo, lakini akiba yake kwa kawaida huipati mpaka ujitoe uanachama, kwa hiyo si mahali pa dharura. Mimi natumia mfuko wa soko la fedha, ule unaoweka kwa simu na kutoa ndani ya siku chache. Siku chache zinatosha kumtuliza mwenye nyumba na zinatosha pia kukuzuia usifanye upuuzi usiku wa manane.

Hujafikisha miezi minne? Usinunue bitcoin. Jirani yangu mmoja hubishana nami hapa, anasema bei itanikimbia. Namwambia mimi tayari ilishanikimbia nikiwa nimeishika mkononi.

2. Majina yako yafanane kila mahali

Hili ni la mgeni hasa. Pasipoti yangu ina majina matatu, laini niliisajili kwa mawili, na akaunti ya soko la sarafu (tovuti ambako watu hununua na kuuza bitcoin) niliifungua nikiwa Mwanza, kwa anwani ya Mwanza. Nilipoanza kununua kwa M-Pesa wauzaji watatu mfululizo walikataa: jina lililotuma fedha si jina la kwenye akaunti. Wana haki. Wanaogopa fedha ya wizi.

Ukizidisha siku 90 Kenya unatakiwa kujisajili kama mgeni na kupata kitambulisho chako. Kipate mapema, kisha peleka jina lilelile, kwa mpangilio uleule, kwenye laini ya simu, benki na soko la sarafu. Kwenye uthibitisho wa makazi utakwama kidogo, maana bili ya stima na ya maji huwa ni ya mwenye nyumba. Mkataba wa nyumba uliosainiwa au taarifa ya benki yenye anwani ya Kisumu mara nyingi hukubalika. Usidanganye nchi unayoishi ili kuepuka usumbufu. Akaunti ikija kukaguliwa siku unayoihitaji, uongo mdogo unageuka kufuli.

Na laini yako ya Safaricom ilinde kama mlango. Omba ifungwe isiweze kubadilishwa na wakala yeyote barabarani. Namba za uthibitisho za soko la sarafu zitoke kwenye programu maalumu ya simu, zisije kwa ujumbe wa kawaida, kwa sababu anayeiba laini ndiye anayepokea ujumbe.

3. Nunua kidogo, siku ileile, bila kuangalia bei

Ukuta ukikamilika, chagua kiasi ambacho kikipotea chote hutalala njaa. Changu ni 2,000 kila Jumatatu asubuhi. Kwa nini Jumatatu? Kwa sababu Jumapili ni soko kubwa la Kibuye, na nikitoka huko najua hasa nimebakiwa na nini.

Bitcoin inagawanyika: moja ni satoshi milioni 100. Bei ikiwa dola 100,000 na dola ikiwa shilingi 130, bitcoin nzima ni shilingi milioni 13, na 2,000 zako zinanunua kama satoshi 15,400. Usione ni chache. Zote zitakazowahi kuwapo ni bitcoin milioni 21, na nyingi zimeshachimbwa, yaani zimeshatolewa kwa kompyuta zinazoendesha mtandao wake, tangu Januari 2009.

Wengi wetu hununua mtu kwa mtu: soko linashikilia bitcoin ya muuzaji, wewe unamtumia shilingi kwa M-Pesa, akithibitisha kuzipokea, soko linakuachia. Chagua muuzaji mwenye miamala mingi iliyokamilika, hata kama bei yake ni ya juu kidogo. M-Pesa ikikuonyesha jina tofauti na lililo sokoni, acha. Akikuomba mhamie WhatsApp mmalizane "nje", acha pia, haraka.

Jambo moja linalochanganya wageni: unacheza na bei mbili, ya bitcoin kwa dola na ya dola kwa shilingi. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160. Kufikia Agosti ilikuwa imerudi kama 129. Mtu aliyekuwa akihesabu akiba yake kwa shilingi aliona inapungua hata siku bitcoin imetulia tuli. Ndiyo maana kwenye daftari langu naandika satoshi kwanza, shilingi pembeni.

4. Iondoe sokoni, lakini usiitoe kwa vijisenti

Soko la sarafu si mahali pa kuhifadhi. Mt. Gox ilianguka Februari 2014, FTX ikaanguka Novemba 2022, na wote waliokuwa wameacha fedha zao humo waliingia kwenye foleni ya wadai. Hamishia kwenye pochi yako mwenyewe (programu au kifaa cha kutunzia bitcoin), ile ambayo funguo zake, yaani siri ya kuifungua, unazo wewe.

Ila usihamishe kila Jumatatu. Kila kiasi kidogo unachopokea, pochi inakiweka kama sarafu yake peke yake, na siku ya kutumia unalipia ada kulingana na ukubwa wa muamala kwenye mtandao, si thamani ya fedha. Sarafu ndogo zikiwa nyingi, muamala unakuwa mkubwa. Ni kama kumlipa makanga nauli ya Kisumu hadi Kakamega kwa shilingi moja moja, atakutoza usumbufu. Aprili 2024, siku malipo ya wachimbaji yalipokatwa nusu kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125 kwa kila bloku (kifurushi cha miamala), ada zilipanda kiasi kwamba akiba ndogo ndogo hazikuwa na maana kuzisogeza. Mimi natoa mara moja kila miezi mitatu, wikendi, ada zikiwa chini.

Kwa akiba ya chini ya shilingi 50,000 pochi ya simu inatosha. Ikizidi hapo, nunua kifaa maalumu kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Kilichotumika, hata kikiuzwa nusu bei, kiache.

5. Maneno 12

Hapa ndipo ninapoomba usome taratibu.

Pochi mpya itakupa maneno 12, wakati mwingine 24, yaliyotoka kwenye orodha ya maneno 2,048 ya Kiingereza. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye fedha. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika wala namba ya kupiga. Ukikosea kutuma M-Pesa unapeleka ujumbe kwa 456 na kuomba urudishiwe. Huku hakuna 456.

Usiyapige picha, maana simu nyingi hupeleka picha kwenye intaneti zenyewe. Usijitumie kwa barua pepe. Karatasi ni mwanzo tu: chumba changu cha kwanza Manyatta kilivuja wakati wa mvua za masika, na kilipokauka mchwa wakamaliza kazi. Daftari la ankara za wateja liligeuka udongo. Bahati yangu, maneno hayakuwa humo.

Nilichofanya baadaye ni hiki. Nilinunua kipande cha chuma kisichoshika kutu kwa mafundi wa jua kali, pamoja na seti ya vyuma vya kugongea herufi, nikayagonga mwenyewe nyumbani, mlango umefungwa. Usimpe fundi akugongee, hata awe rafiki kiasi gani. Siri yenyewe haihitaji nafasi kubwa: katika orodha ile kila neno hutambulika kwa herufi zake nne za mwanzo, kwa hiyo maneno 12 ni herufi zisizozidi 48. Jirani alipouliza kelele ni za nini nilisema natengeneza lebo za mashine. Si uongo mkubwa.

Kabla ya kupeleka akiba yote, jaribu. Tuma kiasi kidogo, ifute pochi kabisa, irudishe kwa kutumia bamba lako, uone kama fedha ipo. Mikono itatetemeka mara ya kwanza. Nilipofanya hivi niligundua nimegonga neno la saba vibaya, na ningeligundua lini kama si siku hiyo?

Nakala ya pili isikae Kisumu. Yangu iko kwa dada yangu Mwanza, kwenye bahasha iliyofungwa kwa nta, ndani ya sanduku la vyeti. Dada hajui kutumia bitcoin, lakini anajua bahasha ile ni ya watoto wangu, na barua iliyo juu yake inamweleza kwa Kiswahili chepesi nini afanye, amwone nani, na asimwoneshe nani. Wapo wanaoyagawa maneno vipande vipande, kipande kwa mjomba, kipande kanisani. Usifanye hivyo. Nimeona watu wengi zaidi wakipoteza akiba kwa ujanja wao wenyewe kuliko kwa wezi.

6. Funga mdomo

Kwenye kibanda cha samaki, kwenye bodaboda, kwenye chama, wewe ni fundi wa majokofu. Basi. Neno bitcoin likitoka, yatatokea mawili. Kuna atakayekuona tajiri, na mgeni anayedhaniwa tajiri hulala vibaya. Na kuna atakayekuletea 5,000 zake umwekee "ziote". Huyo wa pili ndiye hatari zaidi, kwa sababu ni mtu mwema. Bei ikishuka utakuwa umemla. Isitoshe, kuwashughulikia watu sarafu hizi kama biashara sasa kunahitaji leseni. Mfundishe afungue pochi yake mwenyewe, au mwambie hujui kitu.

Anayekuahidi fedha mara mbili baada ya siku saba, awe wa Telegram au wa kanisani kwako, unajua cha kumjibu.

Kuna pia programu kama Tando inayokuwezesha kulipa kwa bitcoin huku mwenye duka akipokea M-Pesa. Inafanya kazi vizuri. Mimi siiweki kwenye simu yangu. Najijua.

7. Daftari na sheria

Kwa miaka mingi kilichokuwapo Kenya kilikuwa ni onyo la Benki Kuu la Desemba 2015 kuhusu sarafu hizi. Kuanzia Septemba 2023 kukawa na kodi ya asilimia 3 kwenye thamani ya kila uhamisho wa mali za kidijitali. Julai 2025 ikaondolewa, badala yake ukaja ushuru wa asilimia 10 kwenye ada inayotozwa na mtoa huduma. Yaani ada ikiwa shilingi 200, ushuru ni 20. Oktoba 2025 Rais Ruto akasaini sheria ya watoa huduma wa mali hizi, inayosimamiwa na Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Nyumbani Tanzania mambo ni tofauti. Juni 2021 Rais Samia alisema akiwa palepale Mwanza kwamba Benki Kuu ijiandae kwa sarafu hizi, sote tukachangamka. Lakini onyo la Benki Kuu la 2019 lilikuwa limeshatoka, na mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio (inayokatwa moja kwa moja kwenye malipo) ya asilimia 3. Ukikaa Kenya siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, unahesabiwa mkazi kwa mambo ya kodi. Kwa hiyo andika kila ununuzi: tarehe, shilingi, satoshi, ada. Safu nne za daftari. Siku ukiuza kiasi kikubwa, mpelekee mhasibu daftari hilo, usimpelekee hadithi.

Na kutuma fedha nyumbani? M-Pesa ya Kenya inatuma hadi M-Pesa ya Tanzania. Mama anapokea shilingi zake na kwenda zake sokoni. Usimfanye mama yako ajifunze pochi kwa sababu tu wewe unaipenda.

8. Siku ya kuuza

Iandike kabla haijafika. Yangu imeandikwa ukurasa wa nyuma wa daftari: kiwanja Buswelu, kule Mwanza, na si kwa kitu kingine. Hakuna bei pale, kuna kiwanja tu.

Ukiuza mtu kwa mtu, kumbuka M-Pesa inapokea hadi 250,000 kwa muamala, na salio haliwezi kuzidi 500,000. Milioni moja haiingii kwa siku moja. Iuze kwa vipande na kila kipande kipeleke benki kabla ya kinachofuata. Usiachie bitcoin kwa sababu umeona ujumbe. Ujumbe hughushiwa. Fungua M-Pesa, tazama salio lenyewe, tazama jina la aliyetuma. Likitofautiana na jina la mnunuzi, usiachie, fungua malalamiko sokoni na ngoja. Atakupigia simu analia kwamba mgonjwa wake yuko hospitali. Ngoja.

Usikutane na mnunuzi ana kwa ana na noti mkononi, si hotelini, si mbele ya benki.

9. Ukihama

Hapa wengi huteleza kwa sababu akili iko kwenye mizigo. Wiki mbili kabla ya kupanda basi, badilisha namba ya simu kwenye akaunti ya soko la sarafu, iwe ya nchi unayokwenda. Laini ya Kenya ukiiacha bila kuitumia, kampuni inaweza kuifunga na baadaye kumpa mtu mwingine, na namba za uthibitisho zako zitamfuata huyo. Toa salio la M-Pesa, vunja mfuko wa akiba, dai amana ya nyumba kwa maandishi.

Bamba la chuma usilibebe kwenye begi litakalofunguliwa Isebania. Nakala iliyo Mwanza ipo. Ukifika, irudishe pochi kwa nakala hiyo, uone fedha, ndipo umpigie mtu unayemwamini Kisumu alichukue sanduku la vifaa uliloliacha, lenye bamba chini na kwa juu kompresa mbovu mbili ambazo hakuna mwizi atakayetaka kuzibeba.